Fimbo Zilizopimwa Juu ya Raizoni

Siku ile bado naiona, mwanangu, kama vile vumbi lake halijatua: siku niliyokwenda Isevya kupimwa fimbo za gofu, nimevaa viatu virefu kuliko akili yangu. Umeniandikia kuniuliza kama inafaa uende kwa yule mtaalamu akutengenezee fimbo za kipimo chako, au ni mapambo tu ya watu wasiojua kucheza. Wapo wengi wanaojua gofu kuliko mimi. Lakini umeniuliza mimi, basi vuta kiti, maana sijui kujibu kwa neno moja.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa stesheni ya Tabora, kijana wa miaka ishirini na minne. Wazungu walishaondoka, wakatuachia uwanja wa gofu nje kidogo ya mji. Usiuwazie kama hivi unavyoviona kwenye televisheni. Majani yake yalikuwa ya kahawia karibu mwaka mzima, mbuzi wa majirani walichunga humo bila kuomba ruhusa, na pale penye shimo hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, ili upepo usiupeperushe. Upande mmoja tulilima mahindi, kwa sababu zilikuwa zama za Ujamaa na kila kundi la watu lilitakiwa kuwa na shamba. Mpira ukiingia kwenye mahindi, unautafuta huku unang'oa magugu. Tulicheka sana uwanjani pale. Nina hamu nao hadi leo, na wenzangu wengi niliocheka nao wametangulia.

Mimi nilicheza kwa fimbo za kuazima stoo, alizoziacha Mzungu mmoja nisiyewahi kumwona. Kwa zile fimbo tu nilijua alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Mimi, kama ujuavyo, ni mfupi. Shukuru kwamba urefu umeurithi kwa mama yako. Kila nikipiga vibaya nilisema, "Si mimi, ni fimbo." Nilisema hivyo mara nyingi mpaka wenzangu wakawa wanasema kabla yangu. Kumbe nusu yake ilikuwa kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyonipa kiburi.

Mwaka huo tukapata habari kwamba wachezaji wa Mwanza watakuja Tabora siku ya Saba Saba, na sisi tutachagua wanne wa kucheza nao. Nilitaka wa nne niwe mimi. Pale stoo palikuwa na vichwa viwili vya fimbo za kizamani, kimoja cha mbao na kimoja cha chuma, mipini yake imevunjika siku nyingi. Nikaviomba, nikavipeleka kwa Fundi Mrisho.

Fundi Mrisho alikuwa mzee wa mtaa wa Isevya aliyetengeneza mipini ya majembe na mashoka. Gofu hakuwahi kuiona. Lakini alikuwa na desturi yake ambayo mji mzima uliijua: hakukuuzia mpini uliokwisha kuchongwa. Ukifika na jembe lako, anakupa jembe la kwake, anakuonyesha kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, anakuambia, "Lima kidogo nikuone." Anakaa kwenye kigoda, anakuangalia mgongo, mikono, unavyokanyaga. Halafu anakupima kwa kamba ya katani yenye mafundo, kutoka kifundo cha mkono hadi chini. Wakulima walitoka hadi Nzega kumfuata.

Alivigeuzageuza vile vichwa viwili. "Nitaweza," akasema. "Ila nitafutie mti uliokauka miaka mingi. Ukiniletea wa juzi, utapinda kabla hujafika nyumbani."

Hapo nikaikumbuka fimbo ya guku. Guku ndivyo tulivyomwita babu yetu, baba wa baba yangu. Alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba mizigo kwenda Pwani na kurudi, miezi na miezi barabarani. Alikufa mimi ni mchanga. Fimbo yake ya mti wa mkole ilikuwa nyumbani kwetu Igalula, imetundikwa ukutani juu ya kitanda cha mama. Jumamosi nikapanda treni.

"Fimbo ya guku unaitakia nini?" mama akaniuliza.

"Mayu, nataka fundi aipasue, anitengenezee fimbo mbili za gofu."

"Gofu ndiyo nini?"

Nikamweleza: kampira kadogo, fimbo, shimo kwa mbali. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mtu mzima anakapiga, anakafuata, anakapiga tena?"

"Ndiyo, Mayu."

"Na kazini kwako wanajua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliitungua ile fimbo, akaifuta vumbi kwa khanga yake, akaishika muda mrefu. Akaniambia kwamba mkwewe aliikata mwenyewe kwa urefu wa bega lake. Akichoka njiani aliuegemeza mzigo juu ya fimbo, akapumua amesimama, bila kuutua chini. Kila mpagazi alikuwa na ya kwake, na hakuna aliyeazima ya mwenzake, kwa sababu ya mtu mrefu ingekutegua shingo na ya mfupi ingekuvunja mgongo.

"Chukua," akasema. "Imekaa mno bila kazi. Ila Yohana, isije ikawa kuni. Hatuna kitu kingine cha mzee yule."

Nikamwahidi. Ahadi niliitoa haraka, kama vijana mnavyotoa, na nikarudi mjini nimeipakata kwenye treni kama mtoto.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Siku ya kupimwa ilikuwa Jumapili alasiri, na mimi nilikuwa nimetoka kanisani. Nilivaa suruali ya bugaluu iliyotanuka miguuni, na chini yake raizoni, vile viatu vya visigino vya vidole vinne ambavyo vijana wa wakati ule tulivipenda kufa. Wazee walivichukia, wengine walisema havina ujamaa ndani yake. Mimi vilinipa urefu ambao Mungu hakuona haja ya kunipa.

Nilipofika uani kwa Fundi Mrisho nikamkuta mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Zuhura, amekuja kutengenezewa mpini wa jembe kwa ajili ya shamba la shule. Alikuwa mzuri, sitaficha. Fundi akamwambia alime. Mwalimu akavua viatu, akakunja upindo wa gauni, akalima. Alilima vibaya, mwanangu. Mkono wake wa kushoto uliwahi kuvunjika utotoni ukaunga kombo, kwa hiyo kila akiinua jembe lilikwenda upande. Hakujaribu kuuficha. Alipoona fundi anautazama, akaunyoosha mbele yake kabisa. "Huu ndio unaonisumbua, fundi. Ikifika saa nne unakufa ganzi."

Kisha zamu yangu. Mwalimu hakuondoka, alikaa pembeni akisubiri kamba ipitishwe mkononi mwake. Fundi akanipa kijiti kirefu, akanionyesha kibuyu kidogo chini. "Haya Bwana Karani, piga nikuone."

Ningepiga kama nilivyopiga kila siku, ingetosha. Lakini niliona macho ya mwalimu. Nikatanua miguu, nikajinyoosha, nikakizungusha kijiti kwa nguvu zote kama nilivyowahi kuona kwenye picha moja ya gazeti la Kizungu. Kibuyu kilipasuka, kipande kikaruka ukuta. Mwalimu akapiga makofi. Nikahisi nimeshawashinda wale wa Mwanza, kombe mkononi.

Fundi hakupiga makofi. Aliitazama miguu yangu. "Hivi ndivyo viatu utakavyochezea?"

"Ndivyo, fundi."

"Na huko ndiko kupiga kwako kwa siku zote?"

"Ndiko."

Akapitisha kamba kutoka kifundo cha mkono hadi chini, akafunga fundo. Maneno yangu mawili, ndivyo na ndiko, na fimbo ya guku ikaenda kwenye msumeno.

Baada ya wiki mbili akanikabidhi. Zilikuwa nzuri ajabu, zimepakwa nta ya nyuki, zinang'aa. Nikazipeleka uwanjani siku ya kuchagua wale wanne, nikiwa nimevaa raba, kwa sababu hakuna mwendawazimu anayecheza gofu na raizoni. Nikasimama mbele ya watu wote, nikazungusha. Fimbo ikachimba ardhi shibiri nzima nyuma ya mpira, ikatoa donge la udongo likaruka mbele, mpira ukabaki palepale. Watu wakacheka. Nikapiga tena, mpira ukaenda kwa mbuzi. Kufika shimo la tano mikono ilikuwa imeishiwa nguvu, kwani mipini ilikuwa minene na mizito, ya mtu mwenye nguvu za kupasua vibuyu kutwa nzima. Sikuchaguliwa. Na sikuumia kwa hilo kama nilivyoumia nilipokaa chini, nikaziangalia zile fimbo, nikalikumbuka neno la mama kuhusu kuni.

Nikaenda Isevya moja kwa moja, nimefura. Hata shikamoo niliitoa kwa meno.

"Marahaba," akajibu.

"Fundi, umeniharibia fimbo ya babu yangu."

Akazichukua, akanipa moja. "Simama kama unavyosimama." Nikasimama. Akanitazama toka raba hadi kichwani, taratibu. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi, fundi. Yohana."

"Simjui. Aliyekuja kwangu alikuwa mrefu kuliko wewe, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yako. Nilimuuliza kama ndivyo alivyo, akasema ndivyo. Nikampimia yule. Fimbo ni zake, na zimemkaa sawa kabisa. Mlete nimpe."

Akaendelea, bila kupandisha sauti hata kidogo. "Mwalimu aliniletea mkono wake mbovu, na mimi nikauchongea mpini mzuri. Sasa hivi anamaliza tuta ambalo lilimshinda. Wewe mkono wako mbovu ulinificha. Nitauchongea nini mkono nisiouona?"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi inimeze. Nilimwomba radhi, nikamwambia habari ya mama na ile ahadi, nikamuuliza kama bado kuna la kufanya au nimeshamfanya guku kuni.

"Umshukuru Mungu ulidanganya kwa kujirefusha," akasema. "Ungejifupisha nisingekuwa na dawa."

Akanipa kijiti, akaniambia nipige. Nikapiga mara kumi, akasema endelea. Mara thelathini, endelea. Jasho likanitoka, mgongo ukalegea, mikono ikaanza kwenda inakotaka yenyewe, nikasahau kabisa kama kuna mtu ananitazama. Hapo ndipo alipovuta kigoda karibu. "Ahaa," akasema, "karibu, Bwana Karani." Akapima upya. Akaipunguza mipini unene, akaikata juu vidole vinne. Kati ya vile vipande viwili alivyokata, alinitunzia kimoja. Aliniambia siku nyingine nije na zile raizoni, nami nikazileta, akakisimamisha kando ya kisigino. Vililingana sawasawa.

Utauliza, je, nikawa mchezaji hodari? Sikuwa. Saba Saba ile nilikaa pembeni, nikawagawia wageni wa Mwanza maji. Lakini siku niliyoshika fimbo zile zilizopunguzwa, mpira wa kwanza ulikwenda mbele, si mbali, ila mbele. Wa pili ukaenda kwenye mahindi. Nikafungua mdomo kusema si mimi, ni fimbo, nikashindwa. Ilikuwa mimi. Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza, na mwaka wa tatu wake nilikuwa mmoja wa wale wanne.

Kile kipande nilikipeleka Igalula, nikamwambia mama yote bila kuficha. Alisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake, akaenda akakiweka kwenye msumari uleule ilipotundikwa fimbo. "Guku hakupata kujirefusha njiani," akasema. "Mzigo ungemwambia." Kisha akacheka, safari hii alicheka kweli, mpaka akakaa chini.

Basi jibu lako ni hili. Nenda ukapimwe. Fimbo inayokukaa inasaidia, asikudanganye mtu; yule Mzungu mrefu alinipotezea miaka miwili. Lakini haitakufundisha kupiga. Itakuondolea kisingizio tu, na kazi inayobaki ni yako. Siku ya kupimwa vaa viatu unavyochezea. Piga kama unavyopiga jioni umechoka, si kama unavyopiga mbele ya wasichana. Mwambie huyo mtaalamu kuhusu goti lako, lile uliloumia ukanificha hata mimi, nikaja kusikia kwa watu. Na usidhani nazungumzia gofu peke yake. Utapimwa kazini, utapimwa na wakwe, utapimwa na daktari. Kote huko ukiulizwa kama ndivyo ulivyo, usiseme "ndivyo" ukiwa juu ya raizoni.

Mwalimu Zuhura alihamishiwa Nzega mwaka uleule, sikumwona tena. Fundi Mrisho amelala makaburini Isevya. Mama naye ametutoka, unajua. Kile kipande nilikitoa ukutani siku ya msiba wake, na leo nimekifunga ndani ya bahasha hii pamoja na barua. Kitie mfukoni siku utakayokwenda. Ndicho tulichobaki nacho cha guku ambacho hakijapiga mpira.

Mungu akujalie watu watakaokutazama vizuri kabla hawajakukata kipimo, na akupe moyo wa kusimama mbele yao na raba zako, kwa urefu wako uleule. Uende salama, na mpira wako uende mbele.