Nilivyomwita mwalimu wangu mwizi kwa kuchungulia uani

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenifika mwenyewe, na sikuongeza chumvi. Aibu yenyewe yatosha.

Mtongwe, mwaka 1992. Beberu wa baba, wa kahawia mwenye baka jeupe, alipotea wiki ya Idi kubwa. Nikapewa kazi ya kumtafuta.

Jirani yetu Maalim Shee, aliyenisomesha Kurani, alikuwa na ua wa mbao. Nafasi baina ya ubao na ubao hata kidole hakipiti.

Nikabandika jicho. Manyoya ya kahawia! Nikasogea polepole ufa wa pili: kitu cheupe! Tena kilitikisika.

Binamu yangu Athumani, muuza mikate, akapita na baiskeli mbio.

"Wachungulia nini? Mle mna kochi bovu."

Nikamcheka. Mimi nimesimama robo saa, yeye kapita kama upepo, ati ndiye aliyeona!

Nikamwambia baba, "Wallahi nimemuona, yuwatafuna." (Huko kutafuna nilitia mwenyewe.)

Baba akaja na majirani watano. Maalim akafungua mlango.

Kochi.

Limepasuka, makumbi ya nazi yamemwagika, pamba nyeupe yapepea.

Baba alitazama chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Nisamehe, maalim."

"Nimekusamehe. Sasa toka nje, ukimbie kando ya ua ukitazama ndani."

"Nikimbie?"

"Kimbia!"

Nikakimbia, mtu mzima na ndevu zangu. Na wallahi, wakuu, mbao zikawa kama hazipo. Kochi nikaliona zima, mikono na miguu.

"Umeona nini?"

"Kochi, maalim."

"Sikusikia. Rudia."

Nilirudia mara nne, watu wakishika mbavu.

Beberu alipatikana kesho yake kwa shangazi. Alikuwa amefuata jike.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi: vipande vikipita upesi upesi, akili huviunga vikawa umbo moja. Vikichelewa, kile cha kwanza kishapotea, na pale penye pengo unajazia unachokitaka wewe. Mimi nilitaka mbuzi.

Siku hizi nikiona kitu nusu, nanyamaza. Ninyi je, nani mwengine macho yalimponza? Leteni, nisicheke peke yangu. Na wenye ua wa mbao jaribuni, ila tazameni kwanza kama majirani hawapo.