Maharage Hamsini ya Mzee Kaggwa

Mkisikia hapa Kyebando naitwa Enkoko, yaani kuku kwa Kiganda, msidhani ni jina la ukoo. Ni aibu yangu ya miaka mingi, na afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wanaoongeza chumvi.

Niliingia Kampala miaka miwili baada ya vita, nikitokea Busia upande wa Kenya, na begi moja na miguu isiyotulia. Shule niliiacha darasa la sita (mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na fimbo yake), na tangu hapo sikuwahi kumaliza miezi sita mahali pamoja. Nikapata kazi ya kufyeka nyasi kwa Mzee Kaggwa, mwalimu mstaafu wa kilimo aliyeishi peke yake na kuku wake.

Siku ya kwanza alinionyesha mstari wa mawe nyuma ya nyumba. "Hapa, ssebo, jembe halipiti."

Chini ya kila jiwe kulikuwa na chupa, na ndani ya kila chupa maharage mekundu hamsini, mdomo umezibwa kwa nta. Alizika chupa kumi siku moja, na kila baada ya miaka mitano alifukua moja, akayalaza maharage kwenye gunia bichi na kuhesabu yaliyoota, maana alitaka kujua mbegu inaweza kulala muda gani bila kufa. Ya kwanza yaliota arobaini na moja. Ya pili ishirini na sita. Vita vilipita juu ya mawe yale, askari wakang'oa mabati na milango ya nyumba, lakini chupa hakuna aliyezigusa.

"Na ile ya mwisho, mzee, utaifungua lini?"

Akacheka. "Ya mwisho si yangu. Mimi nazika tu."

Jibu hilo lilininyima raha. Mtu anaanzaje kazi akijua hataona mwisho wake? Mimi nikipika chai nafunua sufuria mara nne kuona kama imechemka.

Wiki mbili kabla ya siku ya chupa ya tatu, mzee akaenda Masaka kwenye mazishi. Nikajiambia nitazame tu, nirudishe. Asubuhi saa nne nikafukua, nikakwangua nta kwa kisu, nikayamwaga maharage kwenye jani la mgomba. Yalikuwa yamefifia na kukunjamana kidogo. Moja nililiweka sikioni (msinicheke, nilitaka kujua kama kitu kilicholala kinapumua), nikalirudisha, kisha nikaingia ndani kutafuta kile kioo cha mzee cha kukuzia herufi, nikakitafuta mezani, nikakitafuta kabatini, nikakikuta juu ya redio, na nilipotoka jani lilikuwa safi kama limeoshwa na kuku walikuwa wanafuta midomo kwenye majani.

Hapo ilinipasa kungoja mzee arudi nimwambie. Badala yake nilikwenda sokoni kwa Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu aliyeuza maharage ya kuchanganyika, kila rangi ndani ya fungu moja. Watu hununua kwa kikombe. Mimi nilichuchumaa nikachagua mekundu madogo, moja moja, mpaka hamsini, naye ananihesabia.

"Papa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, "unachagula maharagi ao unachagula bibi?"

Nikayatia kwenye chupa, nikaziba kwa mshumaa, nikafukia.

Siku ilipofika, mzee alifungua mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, hakuona tofauti. Siku ya tatu yaliota ishirini, siku ya tano yote hamsini. Alihesabu mara tatu. "Yameshinda hata ya kwanza," akasema polepole. "Kwa nini?" Nami, badala ya kukiri, nikasema, "Hongera, mzee."

Hongera hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mzee aliyezoea kuandika kwenye daftari na kunyamaza sasa alipita nyumba kwa nyumba kualika watu, mwalimu mkuu, padri, wanafunzi wake wa zamani wenye vipara, akaniagiza nikaazime viti na nimwambie Mama Furaha alete maharage ya kupikia wageni. Mama Furaha akayaleta mwenyewe, akakaa kutazama.

Mzee alisimama mbele ya watu na sinia mkononi. "Miaka kumi na tano chini," akasema, "na hakuna moja limekufa." Mwalimu mkuu akasema jambo hili lazima liandikiwe wizara. Mama Furaha akainama juu ya sinia, akatabasamu, akanigeukia kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote.

"Njo maana ulikuwa unachagula moja-moja, papa."

Mzee akamwuliza, "Alichagua wapi, nnyabo?"

"Kwangu, soko. Hamsini. Nilimuhesabia."

Mzee akanitazama. "Na yangu iko wapi?"

Wakati huohuo kuku mmoja akapita chini ya meza. Nikamwonyesha huyo kwa kidole. Mtu akacheka, kisha wote, padri akafunika uso kwa kofia. Mzee peke yake hakucheka.

Walipokwisha kula na kuondoka, nilifunga begi langu. Mzee alikuwa barazani na daftari.

"Ungesema siku ile, ningeandika kuku," akasema. "Sasa nimedanganya watu na mdomo wangu."

Akafungua daftari, akauliza, "Ile yangu ilikuwa inaonekana namna gani?"

Nikamweleza rangi, mikunjo, mpaka lile nililoliweka sikioni.

"Ukasikia nini?"

"Sikusikia kitu, mzee."

Akatikisa kichwa, akaandika. "Ya nne ni miaka mitano. Wewe iko na haraka?"

Nikarudisha begi ndani.

Ya nne tuliifungua pamoja, yakaota tisa. Ya tano niliifungua peke yangu, mzee akiwa ameshazikwa nyuma ya migomba. Siku hizi chai naiacha ichemke yenyewe, chupa siifungui hata siku moja kabla ya siku yake, na kuku sifugi. Lakini swali lile halijaniacha: mangapi yangeota? Daftari ninalo mimi sasa. Kati ya ishirini na sita na tisa mzee aliweka alama ya kuuliza, na wageni wakiniuliza ni mbegu gani iliyowekewa alama ile, nawaambia ni mimi.