Nilivyofuta majina ya marehemu wa mke wangu kwa ku-format SSD ya GB 120

Wakuu, nawasalimu wote.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, niko Toronto, elimu yangu iliishia form four. Hili limenitokea mimi mwenyewe na kosa ni langu. Sitatia chumvi.

Laptop yetu ilikuwa nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi. Nikatazama video mbili tatu, nikanunua diski ndogo ya kasi, SSD ya GB 120, nikaifunga iwe ya kuwashia Windows, ikawa C. Diski ya zamani nikaihamishia palipokuwa na DVD, ikawa D, ya kuhifadhia vitu.

Ikawa inawaka kabla sijavaa miwani. Nilitamba jengo zima!

Sasa, mke wangu, Mama Zuhura, ndiye mtaja marehemu katika familia. Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunasoma hitma, na yeye husoma majina ya wa kuombewa, wa kwao Pangani na wa kwetu Tanga. Aliyakusanya kwa miaka, akiwapigia simu wazee ambao leo nao wamo kwenye orodha hiyo hiyo.

Yalikuwa kwenye daftari. Tulipohama St. James Town kuja North York nikamcheka: "Zama hizi bado unabeba daftari lililoliwa na mende?"

Akayachapa kwenye laptop kwa kidole kimoja, wiki mbili. Daftari nikalitupa kwa mkono wangu.

"Haya fundi," akaniambia, "yakipotea utayataja wewe."

"Vyote viko D, mke wangu."

Mwaka jana akapata kiharusi. Akili anayo, anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki na mkono wa kuandikia umelala.

Miezi michache baadaye SSD ikajaa. GB 120 ni ndogo, wakuu. Windows ikagoma ku-update. Nikaamua ku-format C na kuweka Windows upya. Sikukagua chochote, kwa sababu Documents niliihamishia D tangu siku ya kwanza.

Desktop sikuihamisha. Na Desktop hukaa C.

Mama Zuhura vitu vyake vyote aliviweka Desktop, pale anapoviona.

Binti yetu Zuhura alipokuja aliuliza swali moja tu: "Dad, did you check her Desktop?"

Nikampelekea fundi mmoja Mkenya. Akaniambia ingekuwa diski ya aina ya zamani angalau angejaribu, lakini SSD ukishai-format hivyo, yenyewe inafagia vilivyokuwemo. "Pole mzee. Hapa hakuna cha kuokota."

Mke wangu sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza.

Siku ya hitma sebule ilijaa. Yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, tasbihi mkono wa kushoto. Nikasoma karatasi niliyoiandika kwa kukumbuka. Wa kwetu walikuwa wengi. Wa kwao, pamoja na miaka arobaini na nne ya ndoa, niliwajua saba.

Kila jina, alivuta punje moja.

Nikafika mwisho, watu wakaanza Fatiha. Kidole chake kilikuwa bado juu ya punje inayofuata. Ananitazama, anangoja.

Ndivyo alivyojua.

Wakuu, ukiweka SSD ndogo ya kuwashia, hamisha na Desktop, si Documents peke yake. Kabla ya ku-format, fungua folda moja moja, na muulize anayeitumia mashine hiyo aliweka wapi vitu vyake. Weka backup nje ya laptop. Na karatasi ya mtu usiitupe.

Semeni mlilonalo, hata kunilaumu ruksa. Kama kuna mwenye wazee Pangani wanaokumbuka watu wa zamani wa huko, naomba aniandikie PM.

Nimenunua daftari la wa kwao. Mpaka sasa lina majina saba.