Muhuri Mlangoni kwa Sauda

Yule karani wa biashara hapa Kabambare hupulizia muhuri wake pumzi kabla ya kuugonga, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Vidole vyake vina wino wa zambarau hata akienda arusini. Sauti hapandishi kamwe; anakunyang'anya riziki huku akikuita mama yangu. Jana alimfungia mlango Sauda, fundi wa nguo aliyetoka Kigoma, ng'ambo ya mpaka, na cherehani yake moja, na kanzu zetu za Idi zikabaki ndani. "Sheria inasema kazi ndogo ndogo za huduma ni za wenye inchi," akasema polepole, akilamba kidole na kubandika karatasi yake mlangoni. Nikamuonyesha mnara wa simu kule kilimani. "Na wale wageni wa antena, shefu? Wanakula pesa yetu kila siku na rezo hakuna, simu hazishiki. Sababu gani wao hauwafungii?" Hakukasirika. "Wale wako na mkataba wa mataifa, mama yangu. Huyu iko na cherehani tu."

Kisha akataka kumpigia mkubwa wake, amwambie kazi imekwisha. Rezo hakuna. Akapanda juu ya benchi ya wateja wa Sauda, akainua simu juu kabisa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipiga kelele: "Alo! Alo!" Mkono ulivyonyooka, sote tukaona kwapani mwa shati lake kiraka ambacho Sauda alimshonea juma lililopita. Antena haikujibu. Kiraka hakikuachia hata uzi mmoja.