Jicho la Misiri

Kabla sijauona mnara wa mji wetu, Baraka, niliusikia. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, ukungu wa ziwa umeulalia mtaa wetu hata mpapai wa jirani hauonekani, na kutoka ndani ya weupe ule ikaja sauti ya nyundo juu ya tindo: ka-ka, kimya kidogo, kisha ka. Niliitambua hata kabla usingizi haujanitoka. Baba yangu, Fundi Ramazani, alikuwa akipiga mara mbili kwa nguvu, anapuliza vumbi, halafu anapiga ya tatu polepole, kama mtu anayebisha kwenye nyumba ya mgonjwa. Waashi wengine wa Baraka walipiga tu, mfululizo, ili kazi iishe. Nilikuwa na miaka tisa, na nikilala mkekani niliweza kusema kwa sauti ile peke yake kama jiwe linamtii au linamkatalia. Asubuhi ile lilikuwa linamkatalia. Mama alikuwa jikoni akipasha mawese moto, harufu yake nzito na nyekundu ikiingia chini ya mlango pamoja na moshi, na kila lile pigo la tatu lilipochelewa, mwiko wake nao ulisimama.

Jiwe lenyewe halikuwa la Baraka. Lilishushwa kutoka milimani, upande wa Fizi, juu ya magogo, kwa kamba na mabega ya wanaume waliochukuliwa mmoja kila nyumba. Serikali ilitaka mnara karibu na gati, kumkumbuka Mzungu mmoja aliyekuwa, kwa maneno yao, ameifungua barabara ya Fizi. Kwetu alitoka baba mdogo Asumani, mdogo wake baba, ambaye hakuwa mwashi wala mbeba mawe. Alikuwa mwenye mtumbwi, akivusha watu kati ya Baraka na Ubwari, mwembamba, mwingi wa mizaha, na kila alipotua alininunulia karanga akidai eti samaki ndio wamempa zawadi yangu. Kwenye kona moja ya mteremko kamba ikakatika. Asumani alikuwa upande wa chini, ameshika kabari. Jiwe lilipofika Baraka lilikuwa limeoshwa mtoni, na msimamizi akamwambia baba aanze kazi juma lilelile. Baba akaanza. Kwa miezi miwili alilichonga jiwe lililomuua mdogo wake, pande nne, likipungua kadiri linavyopanda hadi kwenye ncha, na bamba la shaba lilipoletwa kutoka Bukavu lilikuwa na jina moja tu, na halikuwa la Asumani.

Hapa inanipasa nieleze desturi yetu ya makafi. Kila mwenye mtumbwi alichoma alama yake juu ya mpini wa kafi, kasia lake fupi, kwa chuma cha moto. Ziwa likimchukua mtu, mara nyingi kafi ndilo hurudi, na yeyote aliyeliokota ufukoni alijua apeleke msiba kwenye nyumba gani. Alama ya Asumani ilikuwa mistari miwili iliyopinda na kukutana kwenye ncha zake: wa juu ni mtumbwi, alikuwa akinieleza, wa chini ni kivuli chake majini, nukta katikati ni yeye mwenyewe, na mstari mfupi ulioshuka kutoka kwenye mtumbwi ni kafi. Siku moja nilimpelekea baba ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, na nilipozunguka upande wa ziwa, chini kabisa ambapo mtu mzima hawezi kuona bila kuinama, niliiona alama ile imechongwa, ndogo kama kiganja changu, imesuguliwa ikawa laini. Baba alikuwa nyuma yangu. "Umeona nini?" Nikamwambia ni kafi la baba mdogo. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi umeona," akasema. "Macho ni yako. Mudomo, hapana."

Mnara ulipozinduliwa, watu hawakuchelewa kuinama. Mwalimu wetu, Mwalimu Anakleti, alitupeleka darasa zima kuutazama. Alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na kitabu kikubwa cha Kifaransa chenye picha, alichoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Humo mlikuwa na nguzo za mawe zenye pande nne, na wafalme weusi waliokaa wameweka mikono magotini, na macho yaliyochorwa ukutani yakiwa na chozi refu. Alituweka wima mbele ya alama ile, akaigusa kwa fimbo.

"Batoto, hii jicho munaona, iko ya wapi?"

"Ya samaki, Mwalimu!" akajibu Kashindi, aliyekuwa akikaa dawati la mbele yangu.

"Weye Kashindi, hata mwezi ukiona utafikiri iko ugali. Hii iko jicho ya Misiri. Misiri iko wapi?"

"Nyuma ya Fizi, Mwalimu!"

Tukacheka hadi wachuuzi wa gatini wakageuka. Mwalimu hakucheka. Aliinama akaandika vumbini kwa fimbo, herufi kubwakubwa, MISIRI, kama tunavyotamka kwetu, kisha akalikata neno lile kwa mstari baada ya herufi mbili. "Someni." Tukasoma: Mi. Siri. "Tena." Mi, siri. "Munasikia? Inchi yenyewe inajitaja. Inasema: mi siri. Bale batu balikuwa banaficha maneno yabo ndani ya mawe, mbele ya macho ya wakubwa, na wakubwa banapita tu. Mutu akiwauliza, banajibu nini?" Nasi tukapiga kelele, "Mi siri!" Akatutazama mmoja mmoja, na kwangu akakawia. Nilidhani ananitazama kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani.

Jambo lile liliushika mji kama homa. Wazee wa Kibembe walisema wamekuwa wakisema siku zote kwamba babu zao walitoka kaskazini kwenye mto mkubwa, na hili sasa ni hati yao. Waislamu wa mtaa wetu walisema Misiri ni nchi ya Nabii Musa, kwa hiyo jicho ni letu. Wenye kupenda mambo ya giza walipima kivuli cha mnara saa sita mchana wakasema kinaelekeza mahali penye hazina. Akina mama waliokuwa na watoto wagonjwa wa macho walikuja kulipaka jicho mawese, hata jiwe likawa linang'aa. Bwana mkubwa wa serikali, Mzungu aliyekaa Fizi na kushuka Baraka mara kwa mara, alichekeshwa na uvumi ule, akaridhika kwamba mchoraji wa ramani ya mnara kule Bukavu ndiye aliyeweka pambo la kale, akawa anawaonyesha wageni wake. Nyumbani baba alisikia yote hayo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka. "Wacha ikuwe ya Misiri," alimwambia mama. "Misiri iko mbali. Nani atakwenda kuikamata?"

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kwamba baba mdogo wangu amekufa mara ya pili. Kwanza jiwe lilichukua mwili wake, sasa wafalme wa kitabuni walikuwa wanachukua kafi lake. Kashindi alikuwa akijisifu mbele yangu kwamba ukoo wao ndio hasa wa Misiri, angalia pua ya baba yake, na mimi nilikaa na ukweli mdomoni kama mtu aliyetia kaa la moto mdomoni na kuambiwa asiteme. Nilitaka mtu mmoja tu aseme jina Asumani mbele ya mnara ule. Nilitaka pia, na hili nimechukua miaka mingi kulikubali, kuonekana mimi ndiye ninayejua.

Yule bwana mkubwa alikuja shuleni mwishoni mwa kiangazi, pamoja na bibi mmoja wa Kizungu aliyening'iniza kamera shingoni. Tulisimama, tukaimba, tukaketi. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata ni mtoto gani anaweza kumweleza bibi maana ya jicho la mnara. Mwalimu Anakleti alinyoosha kidole kumwelekea Kashindi. Kashindi! Nikasimama kabla yake.

"Si jicho, bwana," nikasema. "Ni mtumbwi. Ni alama ya baba mdogo Asumani. Alikufa chini ya jiwe hilo."

Mwalimu akaja mbio kati ya madawati, tabasamu likimtetemeka. "Bwana asisikie huyu. Huyu mutoto anapenda hadithi. Jana alituambia babu yake alikuwa kiboko." Watoto wakacheka, bibi naye akacheka, bwana mkubwa akaanza kugeukia mlango. Mwalimu alikuwa ameshika bega langu, na vidole vyake vilikuwa vinanisihi. Ningekaa. Ningekaa tu, na yote yangekwisha kwa kicheko kile. Lakini walikuwa wananicheka mimi, wa kwanza darasani, na Kashindi alikuwa anacheka kuliko wote.

"Sidanganyi!" nikapaza sauti. "Baba ndiye aliyechonga! Mwulizeni baba!"

Bwana mkubwa akarudi kutoka mlangoni, na sasa hakuwa na uso wa mtu anayetembeza wageni.

Jioni ile, polisi walipokuwa wamekwisha kumchukua baba kwenda kuulizwa, Mwalimu Anakleti alikuja hadi kwetu. Hakuingia. Alinikuta nyuma ya jiko, nimejibanza kwenye rundo la kuni. Nilingoja anipige, naye akachuchumaa, akavua miwani yake.

"Kafi ya Asumani ilinivusha Ubwari mara ngapi, unafikiri?" akasema. "Kila Jumamosi, miaka ine. Nilikuwa nakaa mbele, alama yake iko hapa mbele ya pua yangu. Siku ya kwanza ile nilipoiona kwa jiwe, nikasema, hii batu bataitambua kesho, na kesho kutwa itafika Fizi." Akafuta miwani kwa ncha ya shati, muda mrefu. "Nilisema mi siri. Weye ulisikia inchi."

Waliamua kwamba baba aifute alama kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Baba akasema kwamba yeye ni mwashi, anajua kuchonga, kubomoa hajafundishwa. Hilo ndilo jambo la pekee alilosema ofisini, nimeambiwa, na alilisema kwa adabu. Alama ilifutwa na mfungwa mmoja asiyejua kushika tindo, ambaye aliikwangua juujuu akaacha umbo lake lote. Baba akapewa adhabu ya kuhamishwa Kilembwe, bara kabisa, kujenga makalvati ya barabara bila kutajiwa siku ya kurudi. Huko akachukuliwa na homa katika masika ya pili. Walioturudishia nyundo yake walisema amezikwa kando ya daraja alilolimaliza, lakini hawakukubaliana ni daraja lipi.

Nimerudi Baraka mwaka huu, baada ya kukaa ng'ambo ya ziwa miaka yote ya vurugu. Sasa watu huniita mwandishi, na kazi yangu ni kusema mambo ya watu wengine kwa sauti. Shaba ya mnara iliondolewa zamani, wakati wa Uhuru, hakuna anayelikumbuka jina lililokuwa pale, na ncha ya jiwe imevunjika. Upande wa ziwa alama bado ipo, imekwaruzwa na kupakwa mafuta, imekuwa jicho kweli kuliko ilivyokuwa siku za baba. Kijana mmoja anayefundisha katika shule yetu ileile alinikuta nimeinama pale, akanieleza kwa bidii kwamba kizazi chake kinachunguza ishara zilizofichwa na wahenga wa Misri katika minara ya dunia nzima, na kwamba hii ni mojawapo, na kwamba wakoloni walijaribu kuifuta kwa sababu waliiogopa. Alikuwa na macho ya kupendeza, yenye njaa. Nilikuwa na jina la Asumani ulimini, na wakati huu hakuna ambaye angechukuliwa kwa ajili yake. Ningeweza kulisema. Nikamwambia ndiyo, ni ya Misri, mama yangu pia alikuwa akisema hivyo. Sijui kama nilitii kwa kuchelewa au nilimzika baba mdogo mara ya tatu. Nyundo ya baba iko mezani ninapoandika haya, na kila ninapomaliza sentensi huwa nasubiri lile pigo la polepole ambalo lingeniambia kama imekaa sawa.

Siku baba alipoondoka kwenda Kilembwe kulikuwa na ukungu tena. Polisi wawili walisubiri nje, mmoja akipiga miayo, na mama alikuwa amemfungia ndagala kwenye jani la mgomba. Wadogo zangu walikuwa wamelala. Mimi nilisimama pembeni ya mlango nikingoja fimbo, nikiitamani, maana niliona kwamba baada ya fimbo ningeweza kulia. Baba aliweka mkono wake wenye vumbi lisilotoka juu ya kichwa changu.

"Mtu akikuuliza," akasema, "ile alama iko ya wapi?"

"Ya Misiri, baba."

"Haya."

Mlango wetu ulikuwa unakwaruza sakafu wakati wa kiangazi, na wenyeji tu ndio tuliojua kwamba unapaswa kuinuliwa kidogo kwa kitasa. Akavuka kizingiti, akageuka, akauinua taratibu ili watoto wasiamke, akaufunga.