Masikio Aliyoyatengeneza Baba

Mama alisikia sauti, ila maneno hayakumfikia. Ndivyo alivyoieleza hali yake, na hakuna aliyepata kutueleza vizuri zaidi. Ukimwita kwa nguvu aligeuka. Redio ikiwashwa alijua imewashwa. Lakini mtu akizungumza, kwake ilikuwa kama mvua juu ya bati: unajua inanyesha, basi.

Alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Baba alimwoa kabla ya vita akamleta Newala, nikazaliwa mimi. Vita vilipoanza alikuwa amekwenda kwao kumuuguza bibi. Ndege za Wareno zilikuja asubuhi watu wakiwa mashambani, na bomu likaangukia mihogo aliyokuwa akiing'oa bibi, aliyekuwa amepata nafuu. Mama aliondoka huko akivuja damu masikioni, akisindikizwa na mdogo wake wa kiume, ndugu pekee aliyembakia, mpaka kwenye maji. Pale mtoni mjomba alimshika mabega akamwambia jambo refu. Mama akatikisa kichwa kama aliyeelewa, maana hakutaka kumtia hofu, akapanda mtumbwi. Mjomba akarudi porini kujiunga na wapigania uhuru. Ni mimi peke yangu niliyekuja kuambiwa, nilipokuwa mkubwa, kwamba katika jambo lile refu mama hakupata hata neno moja.

Kwa miaka mingi hatukujua kama mjomba yu hai. Kisha jioni moja jirani alikuja mbio, kanga imemvuka kichwani, akisema redio ya wapigania uhuru imemsalimu "dada yangu wa Newala, mke wa fundi redio." Mjomba alikuwa amefanywa msomaji wa habari kwa Kimakonde. Alitumia jina la vita, lakini salamu ile ilitosha. Tangu siku hiyo, mara mbili kwa juma ilipofika magharibi, baraza yetu ilijaa: wakulima waliokuja kutoka Chilangala kuuza korosho, walimu wa shule ya msingi wasiojua Kimakonde hata kidogo, akina mama na madebe yao matupu wakitoka kungojea maji. Katika umati wote ule, aliyemjua mjomba kwa sura na sauti alikuwa mama peke yake. Hata baba alimwona mara moja tu, siku ya harusi, akiwa mvulana ambaye sauti haijavunjika.

Mama alikaa karibu kabisa, kiganja juu ya sanduku la redio, akihisi mtikisiko. Mimi nilikaa mbele yake nikiyarudia maneno polepole, asome midomo yangu. Anasema wamevuka barabara ya lami. Anasema salamu kwa wanawake wanaobeba risasi vichwani. Jioni moja alinifunga mdomo kwa kidole.

"Unanipa maneno yake kwa mdomo wako," alisema. "Nayataka kwa mdomo wake."

Baba alikuwa nyuma yangu. Alizima redio watu walipoondoka, akaichungulia kwa muda mrefu kana kwamba imemkosea adabu.

Baba alijifunza redio ujanani katika karakana za Ndanda, na rafiki yake mkubwa alikuwa fundi wa simu aliyehamishiwa Masasi kutoka Tanga. Tulimwita Baba wa Simu. Alipanda kwetu Jumamosi na lori lolote lililopatikana, mfukoni ana mashine ya kuunganishia waya kwa risasi badala ya kitana. Wawili hao hawakuzungumzia jambo lingine. Nchi nzima ilikuwa ikihamia vijijini, watu wakibomoa nyumba na kubeba milango vichwani, wao wamekaa kwenye jamvi wakibishana kwa nini kengele ndani ya redio haisikiki kama kengele.

Baba wa Simu ndiye aliyeleta ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la Ulaya. Ulikuwa na mchoro wa spika za masikioni zisizo na sumaku wala waya wa kusokota. Kati ya bamba mbili zenye matundu ulining'inizwa utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ukatiwa umeme mkali kutoka kwenye kikuza sauti cha valvu, zile taa za kioo za redio za zamani.

"Spika hizi zetu ni mtu mnene anayepanda ngazi," alisema. "Ukimwambia geuka, anageuka kesho. Huu utando hauna uzito. Mtu akivuta pumzi Dar es Salaam, wewe unaisikia hapa."

Baba alimtazama mama, aliyekuwa akichagua mchele. "Masikio yake hayajaziba," alisema. "Yamebaki na mlango mdogo, na sisi tunamwagia uchafu. Nikimpa sauti safi, maneno yatapita."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake. Sijui madaktari wangesemaje, na hakuwauliza.

Bamba walizikata kwenye debe la mafuta ya taa wakazitoboa matundu kwa msumari, moja moja, mpaka jirani akauliza kama tunatengeneza chekeche za mtaa mzima. Vitenganishi, vya kuzuia bamba zisigusane na utando, vilitoka kwenye filamu za eksirei zilizotupwa. Utando waliukunjua kutoka ndani ya kapasita kubwa iliyokufa, kile kikopo cha kuhifadhi umeme redioni, wakausugua kwa unga wa risasi ya penseli ili umeme utambae juu yake. Tatizo likawa kuuvuta ukaze sawasawa. Baba wa Simu alitaka kuning'iniza mawe pembeni. Baba akaenda jikoni, akaupitisha juu ya makaa kama wapiga ngoma wanavyozipasha ngozi kabla ya kucheza.

"Bwana, tunatengeneza hedifoni au unatoa mtoto unyagoni?"

"Ngoma ni ngoma," baba alisema. Aligusa utando kwa unyoya wa kuku, nao ukatoa mlio mdogo sana. Baba wa Simu akaacha kucheka.

Valvu zilitoka kwenye maredio ya Waingereza waliokwisha kurudi kwao, na umeme ulitoka kwenye betri ya gari, ukapandishwa na kidude kilichovuma kama nyigu ndani ya kopo. Ulipanda kweli. Baba wa Simu aligusa mahali pasipo pake akarushwa hadi kwenye kapu la mahindi, akalala pale akiomba asiguswe. Lakini ukungu wa Newala ulipoingia dirishani bamba zilianza kutoa cheche, umeme ukavuja, sauti ikafa. Zilihitaji kupakwa kitu kisichopitisha umeme. Vanishi haikuwepo madukani. Sabuni yenyewe haikuwepo.

Ulikuwa msimu wa korosho. Baba akafikiria mafuta ya maganda, yale meusi ambayo watu hupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Aliyachemsha, akapaka, akayaanika mpaka yakang'aa. Cheche zikakoma. Wale wawili walishikana mikono kama viongozi wa serikali wanaotia saini. Newala hakuna asiyejua mafuta yale yanavyounguza ngozi. Kila mwanamke anayebangua ana alama zake vidoleni. Lakini baba aliyaona yamekauka, na mtu wa redio akiona kitu kimekauka huamini hatari yake imekwisha.

Mama alivaa masikio yale ya debe kwa mara ya kwanza alasiri ambayo haikuwa siku ya mjomba. Baba akafungulia redio ya Dar es Salaam, mtu akifundisha kilimo. Macho yalimtoka mama. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Mbolea. Anasema mbolea."

Baba akakaa chini palepale.

"Anasema usipande pamoja na magugu. Nani anapanda magugu?" Mama alicheka, machozi yakimshuka. Hakutaka kuyavua. Alisikiliza kilimo, akasikiliza taarabu, akasikiliza matangazo ya vifo vya watu asiowajua akiwasikitikia mmoja mmoja, mpaka betri ikaisha. Na joto la kichwa chake kwa muda wote ule liliyatoa tena mafuta yaliyokauka kwenye bamba.

Kesho yake masikio yake mwenyewe yalikuwa yamevimba hayana umbo. Siku zilizofuata yakatoka malengelenge, ngozi ikachubuka hadi shingoni. Muuguzi aliyemsafisha alishangaa.

"Mikono nimeiona mingi. Midomo ya watoto nimeiona. Masikio ndiyo mara yangu ya kwanza. Mama, ulikuwa unabangua kwa masikio?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mama, aliyeona tu vicheko, akacheka nao.

Kupona kulichukua muda. Siku za mjomba zilifika, naye akasoma, baraza ikajaa, na mama akakaa na vitambaa kichwani, kiganja juu ya redio. Aliomba avalishwe hivyohivyo juu ya vitambaa. Baba alikuwa amekwisha kuzibandua bamba akizisugua kwa petroli, akingojea vanishi ambayo Baba wa Simu alikuwa anaitafuta kwa maseremala wa Masasi.

"Subiri upone," alimwambia, akitamka kwa midomo mipana. "Mdogo wako hakimbii. Juma lijalo yupo."

Na juma lililofuata alikuwepo. Na lililofuata. Kisha zikaja jioni ambazo walipiga nyimbo tu mahali pake. Watu walikuja barazani, wakasikiliza nyimbo, wakaenda zao. Mama aliniuliza kila mara, nami nilimjibu bado. Halafu akarudi: jina lilelile la vita, mwanzo uleule wa kusalimu. Sauti ilikuwa nzito kidogo, na juu yake kulikuwa na ule mkwaruzo na miluzi ya masafa ya mbali tuliyoizoea. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema aliyependa kueleza mambo, alisema hayo ni mafua ya msituni. Nilimgeukia mama nikamwambia amerudi. Alifunga macho akamshukuru Mungu.

Jioni aliyovaa tena, masikio yake yalikuwa na ngozi mpya nyororo kama ya mtoto mchanga. Baba wa Simu alikuja mwenyewe na vanishi, akalala kwetu kungojea. Baba aliwaomba watu wasije, akafunga mlango. Redio ilikuwa imeunganishwa na kikuza sauti, hivyo sisi wengine hatukusikia kitu ila kuvuma kwa lile kopo. Tulikaa tunamtazama mama usoni.

Alianza kwa kutabasamu. Midomo yake ilifuatisha salamu. Kisha tabasamu likabaki peke yake pale mdomoni, macho yameliacha.

"Unasikia maneno?" baba aliuliza kwa midomo.

"Nasikia. Yote."

"Yanakatika?"

"Hayakatiki." Alisikiliza tena kwa muda. Alikuwa akipumua kwa mdomo. "Siye yeye."

Baba hakuelewa, au hakutaka. Alianza kushikashika waya.

"Mdogo wangu ana pengo hapa mbele," mama alisema, akigusa jino lake. "Nilimpiga kwa mchi tukiwa watoto, tukigombea muwa. Akisema kuna pumzi inapita hapo. Huyu ana meno yake yote. Huyu ni mtu mwingine, mume wangu, wamempa jina."

"Shemeji, ni ukungu," Baba wa Simu alisema haraka, akanitazama nimfikishie. "Mwambie ukungu umeingia. Utando umelegea."

Nilimwambia mama. Baba naye aliongeza, akihesabu kwa vidole kila kitu kinachoweza kuharibika katika kazi ya mikono yake: valvu zimezeeka, betri dhaifu, matundu hayalingani, vanishi mbichi. Sijawahi kumsikia fundi akikitukana chombo chake namna ile. Alikuwa karibu kulia. Mama alimwacha amalize. Akayavua masikio kwa uangalifu, akayaweka magotini, akayafuta kwa kanga.

"Usiseme hivyo," alimwambia. "Umeyatengeneza vizuri."

Asubuhi alinyoa nywele, akatandika mikeka.

Habari kamili ililetwa vita vilipokwisha, na mtu aliyepigana pamoja naye. Alisema mjomba aliuawa akielekea mpakani kupokea zamu ya mwenzake, na wakubwa waliamua jina liendelee kusoma ili adui asijue. Nilipojaribu kulinganisha majira, niliona kwamba jioni zile za vitambaa zilikuwa za mwisho za sauti yake mwenyewe. Nadhani baba alilinganisha kabla yangu. Hakuwahi kulizungumza.

Lakini wakati wa mikeka hatukuwa na habari yoyote. Tulikuwa na neno la mwanamke kiziwi. Waliokuja matangani walikuja kwa adabu, wakakaa upande, wakanong'ona. Mwanamke mmoja aliuliza kama bomu lile lilimgusa akili pia. Ilipofika magharibi ya siku ya mjomba, wengine waliinuka mmoja mmoja wakaenda kwa jirani, na punde tukaisikia redio ya jirani kupitia ukutani, sauti ya mtu tuliyekuwa tukimlilia ikisalimu, ikisoma habari za mapambano kwa nguvu zake zote.

Balozi alibaki mlangoni, hajavua viatu.

"Fundi," alisema, "nakuheshimu. Lakini hili haliwezekani. Mpiganaji yuko hewani, anasikika, nyumbani kwa dada yake wanamwekea matanga. Watu watasema tunaeneza maneno ya Wareno. Mwambie mkeo akunje mikeka."

Baba alitazama chini. Baba wa Simu alikuwa ameketi kando yake, magoti yao yakigusana.

"Au tuseme hivi," balozi akaendelea kwa upole. "Hakuna atakayekulaumu. Umetengeneza kwa madebe na misumari. Sema tu mbele za watu hawa: kile chombo ni kizima, au ni kibovu?"

Niliona anampa mlango wa kutokea. Angesema kibovu, na mjomba angeishi mtaani kwetu mpaka mwisho wa vita, akisalimu mara mbili kwa juma, na mama angekuwa mwanamke aliyechanganyikiwa kwa uchungu. Ukutani sauti ilikuwa imefikia salamu za akina mama.

"Ni kizima," baba alisema.

Balozi alisimama kidogo. Kisha akainama, akavua viatu, akaja kukaa mkekani. Mama hakuwa amesikia swali wala jibu. Alimwona balozi akikaa, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile, akaangua kilio.