Moto Nilioutuma Ukaseme Badala Yangu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilichoma nyumba ya mtu kwa mdomo wangu. Sikuwa na kiberiti. Nilikuwa nimekaa kitini, kwenye meza ya darasa la ngumbaro kijijini kwetu, jirani na Heru Juu, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nakusimulia kwa sababu jana uliniambia habari za huo mchezo wenu wa mezani, ule ambao kila mmoja anakuwa mtu fulani na wewe unaongoza hadithi. Ulisema mmechoshwa na mwenzenu mmoja aliyetoka Kibondo, na umepanga mtu wake afe mchezoni wiki ijayo, ili aelewe na aondoke mwenyewe. Ulicheka uliposema hivyo. Mimi sikucheka, ila nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa unakula.

Msidhani mchezo huo mmeuanza ninyi. Sisi ilikuwa miaka ya sabini, watu ndio kwanza wamehamia vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma. Jumapili baada ya misa darasa lilibaki tupu. Vijana watano tulikaa tukachora kwa mkaa juu ya meza ile milima yetu, mto Malagarasi na njia ya Uvinza, tukajifanya msafara wa kuleta chumvi Heru kama walivyofanya babu zetu. Kila mmoja alikuwa na kijiwe chake, na kijiwe kile ndiye yeye. Msimulizi nilikuwa mimi. Nikisema mto umejaa, kila mmoja anaeleza atakavyovuka, kisha anarusha punje nne za mahindi tulizozipaka mkaa upande mmoja. Nyeupe zikizidi, umevuka. Nyeusi zikizidi, imekula kwako, kama mnavyosema ninyi. Mwalimu mkuu, mtu wa Tanga, alituona siku moja akauliza kama hatuna mashamba. Tulikuwa nayo, na tulilima, lakini Jumapili ilikuwa yetu.

Tatizo lilikuwa Leonsi. Huyu alikuja na mama yake kutoka Burundi mwaka ule watu walipokimbia, wakapokewa na mjomba wake aliyekuwa ameoa kwetu. Kijana mpole, mchapakazi, lakini mezani hakuna aliyemweza. Punje zikimwangukia nyeusi, hakubali. Atasema zimegonga ukingo, atasema upepo, atazirusha tena. Mwenzake akiwa anaeleza atakalofanya, yeye anamkatiza na kumpangia. Katika mchezo alikuwa mfua chuma, tena alikuwa amejijengea nyumba kando ya njia na kumweka mama yake humo. Gaspari, rafiki yangu tangu utotoni, ndiye aliyekuwa mlinzi wa msafara, na damu yake ilikuwa inachemka upesi. Kila Jumapili wawili hawa walikwaruzana, kila Jumapili mimi nikaendelea na hadithi kana kwamba sikusikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa naupita ule ufa nikiimba.

Kwa nini sikumwambia Leonsi? Niliogopa. Siku zile kulikuwa na watu wanaowasema vibaya wakimbizi kisimani na kilabuni, nikajiambia nikimkaripia nitaonekana nafukuza mgeni. Nilijiona mwema. Basi Gaspari akaninong'oneza kwamba nimfundishe adabu humo humo mchezoni, bila kugombana na mtu. Nikaona ni akili kubwa.

Jumapili hiyo Leonsi alirusha punje mara tatu. Ya tatu nikatabasamu, nikasema majambazi wametokea msituni, wamepita kijiji kwa kijiji, na nyumba ya mfua chuma inawaka. Nikaongeza kwamba mlango umefungwa kwa nje na mama yake yumo. Nilisimulia vizuri, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba nilisimulia vizuri.

Leonsi hakugusa punje. Alikiondoa kijiwe chake mezani, akakishika.

"Yetu iliungua kweli," akasema. "Baba alikuwa ndani."

Akatoka. Mimi nilikuwa najua walikimbia, lakini sikuwahi kuuliza walikimbia nini. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa nimeukariri msemo huo tangu shule, ukanisaidia nini?

Siku mbili baadaye tukasikia kwamba Leonsi ameandikisha jina. Alhamisi lori lilikuwa linakuja kuchukua wakimbizi wanaopelekwa makazi mapya upande wa Tabora. Yeye na mama yake waliruhusiwa kubaki kwa mjomba, lakini alisema anakwenda, peke yake, mahali asipomjua hata mtu mmoja. Aibu ilinishika. Jumatano mchana niliondoka shambani na jembe begani, nikaenda kwao.

Nilimkuta mama yake akipura maharage uani. Nikamwamkia kwa Kiha, akaniitikia kwa Kirundi, lugha zenyewe ni ndugu. Nilimweleza yote, sikujificha. Nilipomaliza nikajitetea kidogo, nikasema walau sikugombana na mwanawe.

Aliweka fimbo chini.

"Ego, ndiyo, hukugombana naye. Ndilo kosa lako, mwana wanje, mwanangu. Ungegombana naye. Maneno yalikushinda, ukatuma moto ukayaseme."

Nilitaka kulia akanikataza, akasema machozi yangu yatamlazimisha Leonsi kunibembeleza, na leo si zamu yake. Akanituma nikamlete Gaspari. Gaspari alikataa. Akasema yeye hakuchoma nyumba. Nikamwambia kuni nilipewa na yeye, na kama haji kwa miguu yake nitakwenda kumweleza baba yake. Akaja amenuna.

Tulipofika, Mama Leonsi alikuwa amemwita mwanawe, ametoa mtungi wa pombe ya ndizi na kuuweka katikati. Wewe umekulia mjini, huenda hujui. Kwetu watu hunywa mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake, na mwenye neno lake kifuani hapeleki mrija kwenye mtungi wa mwenzake. Mama yule aliishika mirija yote mkononi. Akasema asiyetema lililo moyoni hapati.

Nilianza mimi. Nilimwambia Leonsi nimemkosea, kwamba nilimwogopa nikamuumiza kwa kujificha. Kisha nikavuta pumzi nikamwambia na lile jingine: kwamba anarusha punje mara tatu, anawakatiza wenzake, na anatuharibia siku. Niliyasema nikimtazama usoni. Gaspari naye akakiri kwamba shauri lilitoka kwake. Tukamgeukia Leonsi.

"Tulipokimbia kila kitu kiliamuliwa na watu wengine," akasema. "Pale mezani nilitaka angalau nichague mimi."

Mwanangu, miezi minane nilikuwa nakaa naye meza moja, na sababu hiyo ningeweza kumuuliza siku ya kwanza. Mama yake akatugawia mirija. Tukakubaliana kwamba tangu siku ile mtu yeyote akifunika kijiwe chake kwa kiganja, hadithi inasimama pale pale, bila kuulizwa sababu. Tukakubaliana pia kwamba punje hurushwa mara moja.

Lori lilikuja Alhamisi, likaenda bila Leonsi. Jumapili tulipokaa, msafara ulikuwa kwenye Malagarasi, naye akarusha. Nyeusi nne. Sote tukamtazama, na Gaspari akakunja ngumi chini ya meza, nilimwona. Leonsi akaziacha punje pale zilipoanguka.

"Sawa. Nimeanguka mtoni. Nani ananivuta?"

Gaspari akainuka, akampa mkono juu ya meza, mkono wenyewe hasa, akamshika kwa nguvu.

Sasa nisikilize. Hutamuua mtu wa yule kijana mchezoni. Kesho utamfuata alipo, ninyi wawili tu, umwambie alilolitenda; usimwambie alivyo, mwambie alilolitenda. Kisha umuulize kwa nini, na ukae usikie jibu hata likiwa refu. Kama na wewe una kosa, litangulize. Wenzako waliokuwa wanalalamika nyuma ya mgongo wake nao waseme mbele yake au wanyamaze. Akishaambiwa wazi na bado akaendelea kuwaumiza wengine, mwambieni aondoke, lakini mumwambie kwa vinywa vyenu, mchana, mkimtazama. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ndiyo, lakini ulimi unaojificha ndani ya hadithi huumiza zaidi, kwa sababu aliyeumizwa hana hata pa kushitaki.

Mungu akupe moyo wa kugombana na unaowapenda bila kuwachoma. Akupe marafiki watakaokuambia kosa lako ukiwa umekaa nao. Na kesho ukienda kwa kijana yule, akutangulie mlangoni kwake.